ULIZA MJOMBA: Ngome, viwanda vya wiski, na nani ashike usukani

Toleo lililopita tuliweka picha mbili za Scotland kwenye ukurasa wa safari, moja ya ngome juu ya mwamba na nyingine ya kiwanda cha wiski kijijini, chini yake tukaandika mistari michache tu kwamba watu wengi huko wanakodi gari na kuzunguka mashambani wiki nzima, leo ngome kesho kiwanda. Basi meseji zimemiminika, na walioongoza ni watu wa Kigoma na Tabora, sijui kwanini, labda ukishazoea safari za huku nchi nzima ya Scotland unaiona ni ya kwenda na kurudi. Zinazofanana nimeziunganisha. Twende.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Mwanga hapa Kigoma. Mdogo wangu ni nesi Glasgow, katualika mimi na mume wangu mwezi wa tisa na viza tumeshapata, Mungu mkubwa. Shida ni ratiba ya mume wangu, anataka tukodi gari siku saba tuone ngome kumi na mbili na viwanda vya wiski vinane, kaibandika kabisa kwenye mlango wa friji. Mimi gari sijui. Na yeye wiski haikatai. Nikimuuliza nani ataendesha ananijibu kule wanaonjesha kidogo tu, haina noma. Mjomba ongea nae wewe maana mimi naonekana namuharibia starehe yake.
*Mama Watatu, Mwanga*

Marahaba mwanangu, na huyo shemeji mpe gazeti asome mwenyewe.

Shemeji, Scotland sheria yao ya pombe barabarani ni kali kuliko ya England. Toka Desemba 2014 kiwango cha mwisho ni miligramu 50 za kilevi kwenye mililita 100 za damu, England bado wako kwenye 80. Sasa hiyo 50 ni ndogo sana, vionjo viwili vitatu vya kiwandani vinaweza kukufikisha, na kionjo cha wiski sio bia, ni kitu cha asilimia 40 kwenda juu. Ukikamatwa na ukakutwa na hatia unafungiwa kuendesha angalau miezi 12, faini juu yake, na bima ya gari la watu nayo inaweza kukuruka. Na usifikiri ukilala ndo imeisha, wapo wanaokamatwa asubuhi wakiwa wameshakunywa na chai, kwasababu pombe ya jana usiku bado imo mwilini.

Lakini mimi sisemi usinywe. Wenye viwanda wenyewe wanajua wateja wao wanakuja na gari, kwahiyo viwanda vingi ukisema mapema "mimi ndo dereva" wanakuwekea vionjo vyako kwenye vichupa vidogo unaondoka navyo, unanywa usiku hotelini miguu juu. Uliza pale pale unapokata tiketi.

Dawa nyingine ni kulala palepale. Kuna kamji kanaitwa Dufftown, kako eneo la Speyside ambalo peke yake lina karibu nusu ya viwanda vyote vya wiski vya Scotland, na Scotland nzima viko zaidi ya 140. Paki gari hapo, funguo mpe mkeo aweke kwenye pochi, halafu tembeeni kwa miguu. Kiwanda cha Glenfiddich kiko hapo, mzee William Grant alianza kukijenga mwaka 1886 yeye na watoto wake kwa mikono yao, wiski ya kwanza ikatoka siku ya Krismasi mwaka 1887. Na nyuma ya kiwanda, kwa miguu tu, kuna Balvenie, ngome ya zamani imebaki kuta. Yani ngome na kiwanda umemaliza na gari halijawashwa! Kwenye hiyo karatasi ya friji Balvenie ipo kweli? Nina wasiwasi haipo maana watu wanafuata zile za kwenye kalenda.

Sasa hiyo ratiba yenyewe. Ngome kumi na mbili siku saba haiwezekani, au niseme inawezekana ila utaona maegesho kumi na mbili. Ngome moja ukiiingia vizuri ni nusu siku, kuna ngazi za kuzunguka, kuna jiko, kuna chumba cha kulala cha mfalme, kuna mwongozaji anaongea na ukimuuliza swali moja anakupa stori nusu saa. Mimi ningechukua tano tu.

Mkitoka Glasgow anzeni na Stirling. Iko juu ya mwamba unaiona toka mbali, na hapo ndo Mary malkia wa Scotland alivishwa taji mwaka 1543 akiwa mtoto wa miezi tisa, yani anatambaa. Mama Watatu utapenda majiko ya chini, wameweka masanamu ya wapishi na nyama na mikate mezani, unasimama unaona kabisa kazi ya kulisha ikulu ilivyokuwa.

Halafu mnapanda kaskazini barabara ya A9 mpaka Blair, hii ni ngome nyeupe pee, na mkuu wa ukoo wa hapo ana jeshi lake binafsi ambalo ndo pekee lililobaki Ulaya kihalali, ruhusa ya bendera walipewa na Malkia Victoria mwaka 1845. Siku hizi ni la gwaride tu msiogope. Jirani hapo Pitlochry kuna viwanda viwili vya wiski, Blair Athol na Edradour, hicho Edradour ni kidogo mno, majengo meupe yamejipanga pembeni ya kijito, na mimi kwa maoni yangu mtu anayetaka kuelewa wiski aanze na kiwanda kidogo, kikubwa kinakuchanganya na mabomba.

Mkilala Dufftown siku mbili, mnatoka kuelekea Inverness mnapitia Cawdor. Hii ndo niipendayo mimi. Wanasimulia kwamba mwenye ngome alimbebesha punda dhahabu akamwachia atembee, akasema pale atakapolala ndo najenga, punda akalala chini ya mti, wakajenga mnara kuuzunguka ule mti. Sasa utasema hadithi za wazee, lakini shuka chumba cha chini kabisa cha mnara, mti umo! Kisiki kikavu kimesimama katikati ya chumba kimefungiwa uzio, na wataalamu walipoupima wakakuta ulikufa karne ya 14, kwa kukosa jua bila shaka, masikini. Punda sijui, mti nimeuona.

Ya nne Urquhart, magofu pembeni ya ziwa Loch Ness, iliripuliwa mwaka 1692 na wenyewe walioilinda ili maadui wasije kuitumia. Watu wa Kigoma mtalicheka hilo ziwa, kilomita 37 tu urefu, sisi tuna Tanganyika ya kilomita zaidi ya 670, lakini wao wameweka mnyama wa kufikirika ndani na wanauza tiketi kila siku, tujifunze biashara. Ya tano Eilean Donan upande wa magharibi, kwenye kisiwa kidogo pale maziwa matatu ya maji ya chumvi yanapokutana, hiyo ndo ya kalenda yenyewe. Wengi wanadhani ni ya kale vile vile ilivyo, kumbe meli za kivita za serikali ziliibomoa mwaka 1719 ikakaa gofu karibu miaka 200, hii mnayoiona ilijengwa upya kuanzia 1912 hadi 1932, na lile daraja la mawe kila mtu anapigia picha ni la juzi hapo hapo. Kwangu haipunguzi kitu, fikeni jioni jua linapozama.

Viwanda navyo vitatu vinatosha shemeji. Baada ya cha tatu mitambo yote ya shaba inafanana.

Asalam aleykum Mjomba. Mimi ni dereva wa shirika niko Ujiji, bosi wetu mzungu anastaafu anarudi kwao Scotland, ametualika watu wanne kwenda kumtembelea na anataka mimi niendeshe maana wenzangu wanatumia. Mimi kilevi situmii na sijawahi. Wakifika kwenye hivyo viwanda mimi nikae ndani ya gari kama nalinda mizigo au kuna maana ya kuingia?
*Asiyetumia, Ujiji*

Waaleykum salaam ndugu yangu. Kwanza wewe ndo mtu muhimu kuliko wote kwenye hilo gari, wakuheshimu. Suala la dini kuhusu kuingia sehemu kama ile muulize shekhe wako, mimi ni wa barabara sio wa fatwa. Nitakueleza kilichomo ndani uamue mwenyewe.

Kinachoonyeshwa kiwandani sehemu kubwa ni ufundi. Shayiri inalowekwa maji inaanza kuota, ikishachipua kidogo inakaushwa kwa moto, inasagwa, inachanganywa na maji ya moto kwenye pipa kubwa ili sukari itoke. Yale maji matamu yanatiwa hamira yanaumuka siku mbili tatu kwenye mapipa ya mbao marefu kama kwenda ghorofani, ukichungulia juu povu linachemka lenyewe na hewa yake inakupiga puani mpaka unarudi nyuma. Halafu inaenda kwenye mitambo ya shaba, imeumbwa kama vitunguu vikubwa vyenye shingo ndefu, inachemshwa mara mbili, mvuke unapanda shingoni unapozwa unageuka maji tena. Pale inapotokea kuna kabati la shaba nyeupe na vioo limefungwa kufuli. Zamani funguo alikuwa nazo mtu wa ushuru wa serikali, mwenye kiwanda anaiona pombe yake inapita kwenye kioo na hawezi kuigusa! Fundi anaangalia tu kupitia kioo anageuza mkono wa bomba, ya mwanzo anaitenga maana ni sumu sumu, ya katikati anaichukua, ya mwisho anairudisha ichemshwe tena. Hapo yote ni nyeupe kama maji. Rangi inapatikana kwenye pipa la mwaloni ambamo kwa sheria lazima ikae Scotland sio chini ya miaka 3 ndo iitwe wiski ya Scotland, na kila mwaka kama asilimia 2 inaruka hewani, wao wanasema ni fungu la malaika. Malaika wetu sisi wanajulikana hawatumii lakini tuwaachie wenyewe.

Kama unaona harufu tu itakusumbua roho, basi waambie wenzako wakupeleke Craigellachie, kuna karakana ya mapipa inaitwa Speyside Cooperage na huko wageni mnakaa juu mnaangalia mafundi chini. Hii wewe mtu wa Ujiji uliyekulia karibu na mafundi wa boti utaielewa haraka. Fundi ana mbao zilizopinda, hana msumari hata mmoja hana gundi, anazipanga kwenye duara la chuma, anazunguka anagonga nyundo huku anatembea, tang tang tang, kila hatua nyundo moja, duara linashuka linabana mpaka pipa haliingizi maji. Yakivuja anachomeka unyasi mkavu kwenye ufa. Mengine yanachomwa moto kwa ndani, miali inatoka juu na yeye kasimama pembeni anaangalia. Mapipa mengi yametoka Marekani kwasababu kule sheria ya bourbon, wiski yao wenyewe, inataka pipa jipya kila mara, likishatumika linauzwa, na Waskoti wanayanunua.

Halafu wewe kama mtu wa Ujiji una safari yako ambayo wenzako hawana. Mwambie bosi akupeleke Blantyre, nje kidogo ya Glasgow. Ndo alikozaliwa Livingstone mwaka 1813, huyu huyu ambaye Stanley alimkuta hapo kwenu mwaka 1871. Ile nyumba sasa ni makumbusho. Familia nzima ilikaa chumba kimoja kwenye jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na yeye aliingia kazini akiwa na miaka 10. Tumezoea kusikia habari zake toka alipofika huku akiwa mzungu mkubwa mwenye wapagazi, ukisimama kwenye kile chumba unaona alitokea kwenye maisha magumu tu kama watu wengine. Na waulize wanasemaje kuhusu Chuma na Susi walioubeba mwili wake baada ya kufa mwaka 1873, maana bila wao hakuna kaburi London.

Chakula: kile chakula chao maarufu haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo na nafaka ya oti. Sio nguruwe, ila kuchinjwa kwake hujui, kwahiyo uliza kabla, au kula samaki, samaki wao wazuri.

Mambo Mjomba, naitwa kijana wa Isevya Tabora. Swali fupi, leseni yangu ya Bongo inakubalika kule? Na barabara za vijijini zikoje, nasikia gari moja tu linapita.
*Kijana wa Isevya*

Poa. Leseni yako halali unaweza kuendesha Uingereza nzima mpaka miezi 12 kama mgeni. Kampuni za kukodisha ndo zina masharti yao, wengi wanataka uwe umefika miaka 23 au 25, leseni uwe nayo mwaka au zaidi, na kredit kadi yenye jina la dereva mwenyewe kwa ajili ya dhamana, kadi ya shemeji haikubaliki. Andika waulize kabla hujalipa chochote, na kama wanataka kibali cha kimataifa wakwambie ukiwa bado nyumbani. Chukua gari ya oto kama mkono wako umeshasahau gia, na chukua ndogo. Huu ushauri wa mwisho watu wa Tabora hamuupendi mnataka Land Cruiser, lakini subiri uone hizo barabara.

Wanapita kushoto kama sisi. Kipilefti unampisha anayetoka kulia kama sisi. Tofauti ya kwanza ni maili, kibao kikisema 60 ni karibu kilomita 97 kwa saa, na hiyo ndo mwisho wa spidi kwenye barabara za kawaida nje ya mji, ila hujalazimishwa kuifikia, kuna kona pale hata 30 ni nyingi. Mjini ni 30 na sehemu nyingi sasa 20. Tochi zao ni makamera yamesimama yenyewe, hayana chenji.

Kuhusu gari moja kupita ni kweli, milimani huko barabara ya lami ni upana wa gari moja na kila baada ya umbali kidogo kuna sehemu ya kupishana yenye kibao. Ukiona gari linakuja, kama sehemu iko kushoto kwako ingia, kama iko kulia kwako usihamie kulia hata kidogo, simama usawa wake upande wako mwenzio ndo aingie akuzunguke. Mwenyeji akiwa nyuma yako anaharaka ingia pembeni umpishe. Na hizo sehemu sio za kupaki upige picha, wenyewe wanakasirika kweli kweli na wana haki. Mnapishana mnapungiana mkono, hiyo ni lazima kuliko honi. Kondoo wanalala katikati ya lami wala hawana habari na wewe.

Mwanga pia upigie hesabu. Mwezi wa sita saa nne usiku bado kweupe. Mwezi wa kumi na mbili ukiwa Inverness jua linazama saa tisa na nusu mchana na ngome nyingi za vijijini zinakuwa zimefungwa, kwahiyo nenda kati ya mwezi wa tano na wa tisa. Kiangazi chao kuna visubi wadogo kuliko mbu wanauma kwa kundi, vaa mikono mirefu jioni.

Ndugu Mjomba, nakusoma toka zamani. Mimi ni mwalimu Urambo. Hivi nyie waandishi lazima mtu apande ndege ndo aone ngome? Sisi huku tuna historia imelala. Kwanini usituandikie mtu aendeshe Tabora mpaka Kigoma aone vya kwetu, na kama ni vinywaji navyo vipo.
*Mwalimu, Urambo*

Mwalimu umenikamata pazuri, na wewe unaishi juu ya historia yenyewe, maana Urambo ndo ya Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884.

Ningeanza Tabora mjini asubuhi. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa na ngome yake Itetemia, Wajerumani wakaishambulia mpaka Januari 1893 wakaingia, na yeye alipoona imeshindikana akawasha moto baruti akiwa ndani. Kama ngome ya Urquhart iliyoripuliwa na wenyewe inauza tiketi, ya Isike inauza nini? Mgeni anapita hapo kwa bodaboda hajui chochote. Hili mimi linaniuma. Boma la Wajerumani bado limesimama ila usitoe kamera mpaka umeuliza ruhusa. Stesheni nayo angalia, reli ilifika Tabora 1912.

Kwihara usiikose, nje kidogo ya mji. Kuna tembe walilokaa Livingstone na Stanley, na mwaka 1872 Livingstone alibaki hapo miezi akisubiri wapagazi, na mwaka uliofuata mwili wake ukapitia huku huku Unyanyembe ukielekea pwani. Kuna mlango wa kuchongwa, kuna ua katikati, kuna utulivu. Mara nyingi utakuwa mgeni peke yako, mtunzaji anakupa muda wote unaotaka, kitu ambacho Eilean Donan hata ulie hukipati.

Vinywaji sasa. Tabora ni asali, misitu ya miombo imejaa mizinga, na kwenye asali kuna wanzuki, pombe ya asali. Nenda na mwenyeji anayejua nyumba yenye usafi. Usiende kumwona muuza wanzuki tu, omba mfugaji nyuki akuonyeshe mzinga wa magome unavyotundikwa, moshi unavyopulizwa, sega linavyokatwa. Gongo usiniulize, ni haramu kisheria, na baada ya kumsoma yule fundi wa Scotland anayetenga ya mwanzo na ya mwisho utaelewa hatari iko wapi, kwenye gongo la kichochoroni hakuna anayekuhakikishia limetengwa wala limetiwa nini. Ila kuna jambo linanifikirisha mwalimu. Hao Waskoti nao walikuwa wapika gongo watupu, mabonde yamejaa mitambo ya kuficha, wanakimbizana na watu wa ushuru usiku. Mwaka 1823 serikali ikabadilisha sheria, ikashusha kodi na kuweka leseni inayolipika, na mwaka uliofuata mkulima mmoja wa bonde la Glenlivet, George Smith, akakata leseni. Majirani zake walichukia wakatishia kumchomea kiwanda, ikabidi atembee na bastola mbili. Leo watalii wanapiga foleni getini kwake. Sisemi tufanye hivyo hivyo, mambo ya afya yapo, lakini wanaotunga sheria wangesoma hiyo habari.

Kutoka Urambo unapita Kaliua, unavuka mto Malagarasi, unaingia Uvinza. Kabla ya kuondoka uliza hali ya barabara kati ya Malagarasi na Uvinza, hasa masika, waulize madereva wa malori sio google. Uvinza kuna chemchem za maji ya chumvi, watu wamechemsha chumvi hapo zaidi ya miaka 1,000, hicho ni kiwanda cha zamani kuliko chochote cha Speyside. Halafu Kigoma mwisho wa reli, iliyofika mwaka 1914. Pita kijiji chochote cha michikichi uone mawese yanavyokamuliwa, chikichi zinachemshwa kwenye pipa, zinatiwa kwenye mashine, wanaume wawili wanazungusha mti, mafuta mekundu yanatiririka kwenye ndoo huku mtoto anaokota mise pembeni. Ukimaliza shuka Ujiji kwenye makumbusho na miembe yake, ambayo inasemwa ni kizazi cha ule wa mwaka 1871. Na Liemba uliza kama inatembea kabla hujapanga kuipanda, ile meli Wajerumani waliileta vipande vipande, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 ikiwa imepakwa grisi, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927.

Siku nne zinatosha, tano kama unapenda kuongea na watu. Na dereva hapa pia hanywi wanzuki.

Mwanangu mimi ni bibi niko Kibirizi. Mjukuu wangu anaenda huko Scotland mliyoandika, nimempa dagaa na asali ya Tabora na nyama ya kukausha ampelekee shangazi yake. Wanasema atanyang'anywa. Na yeye akirudi na chupa ya mjomba wake itafika?
*Bibi, Kibirizi*

Shikamoo bibi. Nyama toa, iwe mbichi iwe kavu, na maziwa pia, hayo hayapiti kabisa na yatatupwa mbele ya macho yake. Dagaa hawana shida, samaki kutoka nchi kama yetu wanaruhusu mpaka kilo 20 kwa mtu kwa matumizi ya nyumbani, ila mjukuu aangalie tovuti ya serikali yao wiki ya safari maana kanuni hizi zinabadilika. Wafunge nailoni mbili halafu ndoo ya mfuniko, kwasababu harufu ikiingia kwenye nguo zake wenzake kwenye ndege watahama siti. Chupa ya mjomba aiweke begi kubwa la chini, katikati ya masweta, asiibebe mkononi maana akibadilisha ndege wanaweza kuichukua. Asali anaruhusiwa kilo 2 tu, sasa bibi kama lile dumu ni la lita tano nyingine ibaki hapo hapo Kibirizi.